Kiboksi Kilichokula Bumu Langu, na Historia Iliyo Nyuma Yake



Najua nimepotea. Wiki tatu hamna hata mstari mmoja, na kuna watu wameshaanza kuniuliza kantini kama nimedisko. Sijadisko jamani, nipo. Nilikuwa nahangaika na kiboksi kimoja chenye ukubwa wa tofali la sabuni, ambacho kimenila hela, kimenila usingizi, na mwisho wa yote kimenifundisha historia ambayo hakuna mhadhiri aliyewahi kuniambia. Leo nawamwagia yote. Ni ndefu kidogo, kwa hiyo kama una test saa nane nenda kasome kwanza, utaikuta.

Tuanze na mwanafunzi wangu.

Wakati wa TP mwaka jana nilipangiwa shule moja ya sekondari mkoani, nikapewa Historia kidato cha pili. Darasa lilikuwa na wanafunzi zaidi ya sitini. Mmoja wao haoni. Anakaa dawati la mbele karibu na mlango, anasikiliza, na kwa kweli anakumbuka kuliko wote. Tatizo ni baada ya kipindi. Wenzake wana nukuu kwenye daftari, yeye ana kile alichokishika kichwani tu. Vitabu vya nukta nundu vya somo langu havikuwepo pale. Rafiki yake alikuwa anamsomea jioni, lakini rafiki naye ana kazi zake.

Siku ya mwisho nikamuahidi mbele ya darasa zima kwamba nikirudi chuo nitamrekodia nukuu zote za mwaka, topiki kwa topiki, azisikilize kwenye simu ya nyumbani kwao. Aliniuliza swali moja tu: "Kabla ya mtihani wa Novemba, Madam?" Nikasema kabla ya Novemba.

Mnajua ahadi ya mwalimu kwa mtoto. Huwezi kuivunja halafu ukaendelea kujiita mwalimu.

Nilianza na simu. Nikakaa hosteli usiku nikasoma topiki ya kwanza dakika ishirini, nikamtumia mama yake. Jibu likaja kwa ujumbe wa sauti, yule binti mwenyewe, kwa adabu zote: "Shikamoo Madam. Asante sana. Ila feni naisikia vizuri kuliko wewe." Dah. Nilicheka, halafu nikaona aibu. Mtu ambaye masikio ndiyo macho yake, nampelekea sauti ya feni na mlango wa jirani unaobamizwa.

Basi rafiki yangu wa kwaya akaniazima maiki nzuri, ya aina ya kondensa. Maiki hiyo haichomekwi kwenye laptopu moja kwa moja. Ina plagi nene ya pini tatu, na inataka umeme wa volti 48 upande kwenye waya wenyewe ndipo ifanye kazi. Kazi hiyo inafanywa na kifaa kinachokaa katikati ya maiki na kompyuta. Wengine wanakiita saundi kadi ya nje, mafundi wa studio wanasema intafesi. Kinapokea sauti, kinaipa nguvu, kinaigeuza kuwa namba, kinaipeleka kwenye kompyuta. Kurudi kinafanya kinyume, namba zinakuwa sauti kwenye hedifoni zako.

Bumu likatoka. Nikaenda Kariakoo. Kwenye duka moja (sitalitaja) nikakuta intafesi iliyotumika, kutoka Ulaya, chuma kizito, vitufe vinazunguka vizuri kabisa. "Dada yangu, hii ni ya studio, hivi vya siku hizi ni plastiki tupu," kaka wa duka akaniambia. Shilingi elfu tisini. Nikashusha, akagoma, nikalipa. Ikachomekwa, taa ikawaka. Mimi taa ikiwaka naamini kifaa ni kizima.

Hosteli, taa ikawaka vilevile. Kompyuta ikasema haikitambui. Nikazima, nikawasha. Nikabadilisha waya. Nikaomba. Haikitambui.

Baada ya siku nne nikampelekea fundi mmoja wa studio ndogo kule Sinza. Alikigeuza, akasoma jina la chini, akaingia kwenye tovuti ya watengenezaji, akanigeuzia skrini. Draiva ya mwisho ya kile kifaa ilitengenezwa kwa Windows XP. Mimi natumia Windows ya kisasa ya biti 64, na Windows ya biti 64 haipokei draiva ya biti 32, iwe umependa hujapenda. "Dada, hiki hakijaharibika," akasema. "Ila hakuna aliyebaki wa kukitafsiria."

Nikarudi duka. Kaka akaniambia kiboksi kinawaka, kwa hiyo ni kizima. Na kusema ukweli hakudanganya.

Sasa mimi ni mtu wa Historia. Kitu kikinishinda nauliza kilianzaje. Walter Rodney, aliyewahi kufundisha hapa hapa Mlimani, aliwazoesha watu wa idara yetu kuuliza swali la ukorofi: huu utaratibu ulipowekwa, nani alinufaika? Nikajiuliza hilo kuhusu kiboksi. Inakuwaje kifaa kizima na kompyuta nzima visielewane? Nani alipanga iwe hivyo? Nikasoma wiki mbili. Haya ndiyo niliyoyapata.

Mwanzo: vinanda vilivyokubaliana

Hadithi nzuri kwanza. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 vinanda vya umeme vilikuwa kila kimoja na lugha yake. Ukinunua cha kampuni moja na mashine ya ngoma ya kampuni nyingine, haviongei. Wakatokea watu wawili, Ikutaro Kakehashi wa Roland kule Japani na Dave Smith wa Sequential Circuits kule California. Hawa walikuwa washindani sokoni. Lakini waliona kwamba kama kila kampuni itang'ang'ania lugha yake, wanamuziki wataogopa kununua na soko zima litadumaa.

Januari 1983, kwenye maonyesho ya vyombo vya muziki ya NAMM huko Anaheim, wakaunganisha Prophet-600 ya Sequential na Jupiter-6 ya Roland kwa waya mmoja. Ukibonyeza huku, kinalia kule. Hiyo ndiyo MIDI. Na hawakutoza ada ya leseni kwa aliyetaka kuitumia. Mwaka 2013 wote wawili walipewa tuzo ya ufundi ya Grammy kwa kazi hiyo, miaka thelathini baadaye.

Ila MIDI haibebi sauti. Inabeba maagizo tu: bonyeza noti hii, kwa nguvu hii, achia sasa. Ni kama karatasi ya noti anayopewa mpiga kinanda. Ndiyo maana kompyuta dhaifu za wakati ule ziliimudu. Atari ST ya mwaka 1985 ilitoka kiwandani na matundu ya MIDI kabisa, na Steinberg, kampuni ya Hamburg iliyoanzishwa 1984 na Karl Steinberg na Manfred Rürup, ikaitengenezea Cubase mwaka 1989. Cubase ya kwanza haikurekodi sauti ya mtu hata kidogo.

Kwa nini sauti ilikuwa mzigo

Hapa tufanye hesabu kidogo, msikimbie. CD, iliyoingia sokoni Japani mwaka 1982, inapima sauti mara 44,100 kwa sekunde, kila kipimo biti 16, masikio mawili. Zidisha: biti 1,411,200 kila sekunde. Kwa kompyuta ya mezani ya miaka ile, huo ulikuwa mzigo wa lori juu ya baiskeli.

Vijana wawili waliosoma Berkeley, Peter Gotcher na Evan Brooks, wakapata njia. Walianza kwa kuuza chipu za sauti za mashine za ngoma, wakaanzisha kampuni iliyokuja kuitwa Digidesign. Mwaka 1985 wakatoa programu ya kuhariri sauti kwenye Macintosh, Sound Designer. Mwaka 1989 wakatoa Sound Tools: programu, kadi ya kuchomeka ndani ya Mac, na kiboksi cha nje. Siri ilikuwa kwenye kadi. Ilikuwa na chipu yake maalum ya kuchakata sauti, kwa hiyo Mac iliachiwa kazi ya kuonyesha picha tu. Mwaka 1991 ikaja Pro Tools ya kwanza, traki nne, dola 6,000.

Angalieni hapo vizuri. Programu na kifaa viliuzwa pamoja kwa sababu ya kweli ya kiufundi. Kompyuta haikuweza peke yake. Ndoa ilikuwa ya lazima, na ilifanya kazi. Studio kubwa za Marekani na watu wa filamu wakahamia huko kidogo kidogo. Mwaka 1995 Avid, waliokuwa wakitawala uhariri wa video, wakaimeza Digidesign.

Lakini sababu ikiisha, je, ndoa inavunjwa? Hapo ndipo Rodney anaponong'ona.

Upande wa pili: kadi za michezo na ukuta wa Windows

Wakati hayo yakiendelea, watu wa kawaida walikuwa na kompyuta zenye kadi ya Sound Blaster, ya Creative ya Singapore, iliyotoka 1989. Iliundwa hasa kwa ajili ya michezo: bunduki zilie, muziki upige. Windows ikajengwa kwa watu hao. Sauti zote zinapita kwenye kichanganyio kimoja cha mfumo, ili mlio wa barua pepe na muziki wako visikike pamoja. Kwa mtu anayesikiliza tu, hamna shida.

Kwa anayerekodi ni balaa, kwa sababu ya kuchelewa. Kompyuta haipokei sauti chembe kwa chembe. Inajaza ndoo, ndoo ikijaa inaimwaga, inajaza nyingine. Ndoo ya sampuli 256 kwa kasi ya 44,100 inachukua kama milisekunde 6 kujaa. Ndoo ya 1,024 inachukua kama 23. Sauti hewani inatembea takribani mita 343 kwa sekunde, kwa hiyo milisekunde 6 ni kama kumsikia mtu aliye mita mbili mbele yako. Milisekunde 23 ni kama mita nane. Na hapo ni safari ya upande mmoja, bado kurudi. Kwa njia za zamani za Windows ucheleweshaji ulizidi sana hapo. Unaimba, sauti yako inakujia masikioni baadaye kama mwangwi bondeni. Jaribuni kusoma hata aya moja huku mnasikia mwangwi wenu. Ulimi unafungana.

1997: mlango wa uani

Mwaka 1996 Steinberg wakatoa Cubase VST. Wazo lilikuwa la kijasiri: kompyuta sasa zina nguvu, tuachane na zile kadi za bei mbaya, kichanganyio na mwangwi na kila kitu vifanywe na prosesa ya kawaida. Lakini waligonga ule ukuta wa Windows. Basi mwaka 1997 wakatoa ASIO.

ASIO ni makubaliano. Inasema hivi: mtengenezaji wa intafesi aandike draiva inayofuata kanuni hizi, na mtengenezaji wa programu aite kanuni hizohizo, halafu nyie wawili mzungumze moja kwa moja bila kupita kwenye kichanganyio cha Windows. Ni kama mlango wa uani kwenye nyumba ya Mswahili. Wageni wapite barazani wasalimiane, sisi wa nyumbani tunapita nyuma.

Jambo la maana ni kwamba Steinberg hawakujifungia mlango huo peke yao. Waliwaruhusu watengenezaji wengine wa vifaa, na hata wapinzani wao wa programu, kuutumia. Ukawa desturi ya Windows kwa kurekodi. Kwenye Mac, Apple wenyewe walijenga Core Audio ndani ya Mac OS X, kwa hiyo kule shida ilipungua mapema.

ASIO nayo ilikuwa na masharti yake ya leseni. Ndiyo sababu Audacity, programu ya bure iliyotolewa mwaka 2000 na ambayo nusu yetu tunayo kwenye laptopu, kwa miaka mingi ilisambazwa bila ASIO kwenye Windows. Leseni ya programu huria na leseni ya ASIO hazikupatana. Kwa hiyo mtu alinunua intafesi yenye draiva safi ya ASIO, akafungua Audacity, akaitafuta kwenye orodha, asiione. Akalaumu kifaa. Kumbe ni wanasheria.

Ndoa inaendelea bila sababu

Turudi kwa Digidesign. Mwaka 1999 wakatoa Digi 001 na toleo jepesi, Pro Tools LE, ambalo kazi yote ilifanywa na prosesa ya kompyuta. Mwaka 2002 ikaja Mbox, kiboksi cha USB chenye nafasi mbili za maiki. Yaani ile sababu ya mwaka 1989, chipu maalum, haikuwepo tena kwenye vifaa hivi. Lakini sharti likabaki: bila kiboksi chao kuchomekwa, Pro Tools haifunguki. Kiboksi chenyewe kiliweza kutumika na programu za wengine. Programu ndiyo iliyokataa kiboksi cha wengine.

Na hawakuwa peke yao. Mwaka 2002 hiyohiyo Apple walinunua Emagic, watengenezaji wa Logic, na toleo la Windows likafutwa. Aliyekuwa anatumia Logic kwenye PC aliamka asubuhi akaambiwa ahame kompyuta au ahame programu.

Mwaka 2004 Avid wakanunua M-Audio, waliokuwa maarufu kwa intafesi za bei nafuu, na mwaka uliofuata wakatoa Pro Tools ya vifaa vya M-Audio. Mlango ukafunguka nusu, kwa jamaa wa familia tu. Ilibidi isubiriwe hadi Novemba 2010, Pro Tools 9 ilipotoka, ndipo ikakubali intafesi yoyote yenye ASIO au Core Audio. Kutoka 1991 hadi 2010 ni miaka kumi na tisa. Mtu amezaliwa, amemaliza kidato cha sita.

Nani alinufaika? Jibu langu la mtihani: mwanzoni wote, kwa sababu mtumiaji alipata kitu ambacho vinginevyo kisingewezekana. Baadaye muuzaji zaidi. Msinielewe vibaya, kifaa kimoja na programu moja kutoka mkono mmoja vina faida yake, kikigoma unajua wa kumpigia simu. Lakini sababu ikishakufa na sharti likabaki, hapo tunaita jina lake.

Vita vya matundu

Mlango mwingine ni waya. USB ya kwanza, ya 1996, ilibeba hadi megabiti 12 kwa sekunde. Maiki mbili za biti 24 kwa sampuli 44,100 zinahitaji kama megabiti 2.1. Inatosha kabisa. Lakini bendi nzima, maiki nane kwa sampuli 96,000, ni zaidi ya megabiti 18. Haipiti. Kwa hiyo vifaa vingi vikubwa vya miaka ya 2000 vilitumia FireWire, iliyokuwa na nafasi ya kutosha. USB 2.0 ya mwaka 2000 ilikuja na megabiti 480, na taratibu ikaifukuza FireWire. Laptopu za leo hazina tundu hilo. Masoko ya mitumba yamejaa vifaa vizuri sana vya FireWire, bei ya kutupa, na sasa mnajua kwa nini bei ni ya kutupa.

Na ndani ya USB kuna habari njema ambayo ningeijua mapema nisingeandika haya. Waliounda USB waliweka pia kanuni za pamoja za vifaa vya sauti, toleo la kwanza 1998, la pili 2006. Kifaa kinachozifuata hakihitaji draiva ya mtengenezaji, mfumo wenyewe unakijua. Mac na Linux walikubali toleo la pili mapema. Windows ilichelewa mpaka Windows 10 ya mwaka 2017. Intafesi ya namna hiyo, hata kampuni ikifa kesho, itaendelea kufanya kazi. Yangu ya Kariakoo haikuwa ya namna hiyo. Ilitegemea draiva yake yenyewe, na draiva ikaachwa kwenye XP.

Kwa hiyo nikachagua hivi

Historia isiyomsaidia mtu kununua kitu ni ya nini? Haya ndiyo maswali niliyoyaandika kwenye karatasi kabla ya kutoka tena, na yote yametoka kwenye hayo niliyoyasimulia.

Kwanza, mfumo wangu wa kompyuta ni upi, na tovuti ya mtengenezaji inautaja kwa jina na namba? Siyo maneno ya muuzaji. Tovuti. Kama draiva ya mwisho ni ya zamani kuliko laptopu yako, geuka.

Pili, je, kinafanya kazi bila draiva kwa zile kanuni za pamoja za USB? Kama ndiyo, hiyo ni bima. Juu ya hapo, kama uko Windows na unataka kujisikia unapoimba, tafuta chenye ASIO ya mtengenezaji mwenyewe. Kuna programu ndogo ya bure, ASIO4ALL, inayoifanya kadi ya kawaida ionekane kama ina ASIO, na vijana wengi wa FL Studio wanaishi nayo. Ni mkongojo mzuri. Lakini ni mkongojo, haukipi uhai kifaa ambacho Windows haikitambui kabisa. Nimejaribu.

Tatu, programu yangu inaongea lugha gani? Reaper na Cubase na FL Studio zote zinaijua ASIO. Kama unatumia Audacity, chungulia kwanza kwenye orodha yake ya vifaa na usome toleo lako linaruhusu nini. Kwa kusoma nukuu kama mimi, ambapo sirekodi juu ya muziki, kuchelewa siyo tatizo, njia ya kawaida ya Windows inatosha. Usilipie kasi usiyoihitaji.

Nne, kina tundu gani, na langu ni gani? Tano, nafasi ngapi za maiki kwa wakati mmoja? Mimi moja inatosha, kwaya ya rafiki yangu haitoshi. Sita, kina volti 48 kama maiki ni kondensa? Saba, na hili andikeni kwa wino mwekundu: nenda na laptopu yako dukani. Taa kuwaka siyo jaribio. Jaribio ni kurekodi sekunde kumi na kuzisikiliza.

Nilikopa kwa rumeti, nikauza kile kiboksi cha zamani kwa yule fundi wa Sinza kwa elfu ishirini. Ana kompyuta ya kale yenye XP kwenye kona, anasema kitapata wa kuongea naye. Nikanunua kingine, kidogo, cha plastiki, kisicho na sifa ya kuonyeshea watu. Dukani nikafungua laptopu juu ya kaunta, foleni nyuma yangu inanung'unika, nikarekodi "moja mbili tatu" na kujisikiliza mara mbili. Kaka wa duka akaniuliza kama mimi ni fundi. Nikamwambia mimi ni mwalimu.

Nimerekodi ndani ya kabati la nguo, kwa sababu nguo zinanyonya mwangwi na feni haifiki. Topiki zote, saa sita na dakika kama kumi kwa jumla. Rumeti alinisomea zile sehemu za majadiliano ili sauti zibadilike. Nimezituma zote wiki ya pili ya Oktoba.

Jibu limekuja juzi, ndiyo maana nimepata nguvu ya kuandika. Ujumbe wa sauti, dakika moja. Amesikiliza zote. Topiki ya biashara ya misafara amesikiliza mara tatu. Halafu: "Madam, samahani, ila miaka unaisoma haraka sana. Ukifika kwenye mwaka, tulia kidogo, mimi siwezi kurudi kuangalia."

Nimekaa na hiyo sentensi siku mbili. Miezi yote hiyo nimehangaika na draiva na matundu, na kosa lililobaki ni langu, la mdomoni kwangu. Kesho jioni naingia tena kabatini, narudia sehemu zote zenye tarehe. Nimejipimia: nikisema mwaka, nahesabu mbili kimoyomoyo, ndipo naendelea. Bado wiki mbili mtihani.

Mwenye maiki asiyoitumia anitafute, kuna mwenzangu wa Jiografia naye ameahidi. Na kwenye maoni niambieni mlishawahi kununua kifaa kinachowaka taa tu, nisijione mjinga peke yangu.

Tuko pamoja. Rumeti ananiita, leo zamu yangu kupika.